Sifuri Iliyokatwa

Kiti alichopewa Kobe kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila alipoegemea kilimsukuma mbele, kana kwamba kinamwambia ainuke aende zake. Angefurahi sana kwenda zake. Magoti yalimuuma, macho yalikuwa mazito, na juu ya meza mbele yake kulikuwa na kitu alichokuwa akikikimbia tangu shuleni: hesabu.

Jina la Kobe alibandikwa na wenzake polisi kwa sababu ya mwendo wake. Alipohamia kitengo cha upelelezi cha Baraza la Mitihani alidhani ameliacha huko. Lilifika ofisini kabla yake, na siku ya kwanza mhudumu wa chai alimwita hivyo bila kusita.

"Angalia hapa," alisema Msahihishaji Mkuu, mama mmoja mnene ambaye kidole gumba chake kilikuwa chekundu mwaka mzima, hata watu wakamwita Wino Mwekundu naye akaitika. Alisogeza karatasi mbili. "Hii ya kushoto ni mwongozo wa kusahihishia. Ameuandika Mkufunzi, mtunzi wetu, kwa mkono wake. Hii ya kulia ni ya mtahiniwa, binti wa kidato cha mwisho. Swali lenyewe ni la mwisho kwenye fainali ya mashindano ya hesabu."

"Nisomee. Mimi na x hatujasalimiana siku nyingi."

Wino Mwekundu akaandika kwa herufi kubwa:

√(x + k) = x + 1

"Swali linataka thamani zote za k zinazoupa mlinganyo huu majibu mawili tofauti. Hiyo k ndiyo kigezo. Ukiibadilisha, majibu ya x yanabadilika. Mara mawili, mara moja, mara hakuna kabisa."

"Na anayeibadilisha ni nani?"

"Wewe. Jifanye wewe ndiye mwenye k." Akavuta pumzi, siku nzima alikuwa akieleza jambo hilohilo kwa watu mbalimbali. "Ili uondoe alama ya kipeuo, unapiga mraba pande zote mbili. Unapata mlinganyo wa kawaida ambao kila mtoto anaujua, nao una majibu mawili mradi k izidi robo tatu. Watoto wengi waliishia hapo, wakaweka kalamu chini. Wameliwa."

"Na nani?"

"Na mraba. Mbili ukiipiga mraba ni nne, hasi mbili ukiipiga mraba ni nne vilevile. Mraba hauulizi nani hasi nani chanya. Mtego wa panya huo, huingia aliyekuwemo na asiyekuwemo. Jaribu k iwe tatu. Mlinganyo wa kawaida unakupa x ni moja, au x ni hasi mbili. Sasa irudishe hasi mbili kwenye swali la mwanzo. Kushoto una kipeuo cha moja, yaani moja. Kulia una hasi mbili jumlisha moja, yaani hasi moja. Moja ni sawa na hasi moja?"

"Hata mimi najua si sawa."

"Basi huyo kadandia. Mshushe."

Hapo Kobe alielewa, akashangaa kuelewa. Maisha yake yote alikuwa akishughulika na watu walioingia mahali bila kualikwa.

"Kwa hiyo k ikizidi moja, jibu mojawapo ni la kudandia, linabaki moja tu," aliendelea Wino Mwekundu. "Majibu mawili ya halali yanapatikana k ikiwa kati ya robo tatu na moja. Kazi iko kwenye hiyo moja yenyewe. Inaingia au haiingii? Inaingia. Weka k ni moja. X inakuwa sifuri au hasi moja. Chukua hasi moja. Kushoto kipeuo cha sifuri, sifuri. Kulia sifuri. Safi kabisa. Wote waliofika mwisho wa swali wameandika inaingia, isipokuwa watu wawili." Kidole chekundu kikatua kwenye karatasi ya kushoto, kikahamia ya kulia. "Mkufunzi, na huyu binti. Wote wameitoa moja nje. Na wote pembeni wamechora hiki."

Ilikuwa sifuri ndogo iliyokatwa kwa mstari wa mshazari. Kwenye karatasi zote mbili mstari ulitoka juu kulia kwenda chini kushoto.

"Subiri kidogo," alisema Kobe. "Mwongozo una kosa?"

"Una kosa."

"Nani aliukagua?"

Wino Mwekundu alitazama dirishani. "Mwongozo wa Mkufunzi haukaguliwi. Alianza kutunga mitihani mimi sijajua kushika kalamu. Akiuleta tunaupokea kwa mikono miwili na kumuuliza hali ya nyumbani."

Kobe aliandika hilo, akalipigia mstari.

"Mwizi wa kawaida anaiba jibu sahihi," mama aliendelea. "Huyu inaonekana kaiba kosa. Ndiyo maana Mkurugenzi hana shaka. Keshaandaa barua ya kumfungia binti asifanye mtihani wowote, pamoja na ule wa kumaliza shule. Matokeo yanatangazwa keshokutwa. Ukifuata mwongozo ulivyo, huyu mtoto ndiye wa kwanza na ufadhili wa chuo ni wake. Ukimfuata Mkurugenzi, ni mwizi."

"Na wewe unamfuata nani?"

"Mimi nimechoka, Kobe. Nenda ukafanye kazi."

*

Alianza na bahasha, maana bahasha haisemi uongo wala haina wakili. Mkufunzi aliandikia mwongozo nyumbani kwake, akaufunga, akapiga lakiri, akauleta mwenyewe. Ukawekwa kwenye sefu. Ulifunguliwa mbele ya jopo zima siku ya kusahihisha, karatasi za watahiniwa zikiwa zimeshakusanywa. Kobe alivipanga vipande vya lakiri juu ya gazeti, akavitazama kwa kioo cha kukuzia hadi shingo ikakakamaa. Havikuwa na dalili ya kuyeyushwa mara ya pili. Kitasa cha sefu hakikuwa na mkwaruzo. Mwenye ufunguo alikuwa mzee wa kanisa ambaye aliudhika kuulizwa.

Kabla hajamaliza kuvirudisha vipande, simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi. "Kobe, nimekurahisishia. Mjomba wa yule binti ni dereva wa kiwanda kinachochapa mitihani yetu. Damu nzito kuliko maji. Unangoja nini?"

Kobe alikuwa anangoja pensheni, lakini hakulisema.

Alimkuta mjomba chini ya lori, miguu nje.

"Wewe ndiye mjomba wa binti aliyefanya mashindano ya hesabu?"

"Inategemea amefanya nini."

"Anashukiwa kuiba mtihani."

Miguu ikatulia. Mjomba akatambaa akatoka, uso umejaa grisi. "Yule? Yule akiokota kalamu barabarani anazunguka mtaa mzima akimtafuta mwenyewe. Mwizi kwenye ukoo huu ni mimi, afande. Muulize dada yangu."

"Uliiba nini?"

"Sukari. Udogoni."

"Maboksi ya mtihani uliyabeba wewe?"

"Niliyabeba. Yana kufuli, ufunguo anao askari aliyekaa kando yangu. Alikoroma njia nzima, nisikufiche."

"Kwa hiyo ungeweza kuyafungua."

"Ningeweza. Halafu? Ningesoma nini mle? Mimi kwenye hesabu nilishukia kituo cha kujumlisha." Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Afande, dada yangu kamlea yule mtoto peke yake, kwa cherehani. Mkimfungia mtoto, mmemfunga na mama."

Kobe alimwamini, ingawa kazi yake haikumlipa kwa kuamini. Hata hivyo hoja haikuwa uaminifu. Maboksi yalibeba maswali tu. Mwongozo haukukanyaga kiwandani. Mjomba angeweza kuiba swali, akampelekea mwalimu mwenye akili alitatue, na jibu lingerudi likiwa sahihi. Kosa la Mkufunzi asingelipata. Njia hiyo ilikuwa imefika ukutani, na Kobe akaiacha hapo bila majonzi.

*

Mama wa binti alikuwa fundi wa nguo katika chumba kimoja cha barabarani, sehemu ya kazi ikiwa mbele na pazia likificha kitanda. Binti alikuwa kwenye kigoda, anafumua mishono ya sare ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Hajala tangu jana," mama alisema. "Wala hajalia. Angelia ningejua pa kumshika. Afande, kama kuna mtu wa kupigiwa magoti, nionyeshe, magoti ninayo."

"Hakuna, mama. Nahitaji meza tu."

Mama alisogeza vitambaa. Kobe akafungua kikaratasi alichoandikiwa na Wino Mwekundu, mlinganyo ambao haukuwa umewahi kuwekwa kwenye mtihani wowote.

√(x + m) = x + 2

"Swali ni lilelile. Thamani zote za m zinazotoa majibu mawili. Fanya mbele yangu."

Binti aliutazama mlinganyo. Kwa mara ya kwanza mabega yake yalishuka. Alichukua penseli ya mama yake akaanza, na Kobe, ambaye aliwahi kukaa mbele ya wezi wa kila aina, alitazama mkono badala ya namba. Mkono wa aliyekariri huwa haurudi nyuma. Huu ulirudi. Alipiga mraba, akapata m izidi moja na robo tatu, akataka kuandika jibu, akasita. Akajaribu m ni nne. Akapata x ni sifuri, na x ni hasi tatu. Akairudisha hasi tatu kwenye mlinganyo wa mwanzo, akaguna.

"Vipi?"

"Huyu si wangu." Akamfuta. Akaendelea hadi akafika kwenye mpaka wa juu, ambao ulikuwa mbili. Hapo hakusita hata kidogo. Akaitoa mbili nje, na pembeni akachora sifuri ndogo, akaikata kutoka juu kulia kwenda chini kushoto.

Kobe alihisi uchovu wake ukimtoka kidogo, kama mtu aliyevuliwa kiatu kimoja. "Hiyo ni nini?"

"Sifuri haina mlango."

"Ndiyo nini?"

"Chini ya kipeuo sifuri haiingii. Mwalimu anasema tukifika hapo tuikate, tusije tukasahau."

"Kwa nini haiingii?"

Binti alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Ndivyo ilivyo."

*

Mwalimu alikuwa mrefu na mwembamba, shati lake limejaa chaki hadi kwenye viwiko. Alipoona kitambulisho cha Kobe alikaa bila kualikwa.

"Nani mwingine anajua huo msemo wako wa sifuri?" Kobe aliuliza.

"Kila niliyemfundisha."

"Twende."

Waliingia darasa la karibu, watoto wadogo kuliko yule binti, ambao hawakuwahi kuyakaribia mashindano. Wakasimama kwa kelele. Kobe akakohoa. "Nina swali. Chini ya kipeuo, sifuri..."

"HAINA MLANGO!" darasa zima likaitikia, na madirisha yakatetemeka.

Walipotoka nje Kobe alikaa kwenye ngazi. "Huo msemo uliutoa wapi?"

"Chuo cha ualimu. Kwa Mkufunzi."

"Mkufunzi huyuhuyu mtunzi?"

"Kwani yuko mwingine? Nilikuwa darasa lake la mwisho, chuo kikafungwa. Wenzangu wengi waliacha kazi, wakaenda kwenye biashara. Nadhani nimebaki mimi." Akajikuna shingo. "Tangu hapo sijamtia machoni. Yule mzee ametufanya tuwe watu, afande. Kwa nini? Msemo una nini?"

Kobe alijua Mkurugenzi atalisemaje hili: mkufunzi na mwanafunzi wake, mmoja anatunga mtihani, mwingine ana mtahiniwa, si wamenong'onezana? Sauti ya darasa ilikuwa imeonyesha kwamba kosa ni la siku nyingi shuleni pale. Ilibaki kuonyesha kwamba ni la siku nyingi kwa mwenyewe pia, kwamba mkono wa mzee hulitenda bila kufikiri popote unapolikuta. Kwa hilo alihitaji mkono wa mzee.

*

Alikwenda na Wino Mwekundu, ambaye njia nzima alikuwa akisema bora angeugua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, karibuni." Mkufunzi alikuwa mdogo wa umbo, masikio makubwa, sebule yake imejaa saa za ukutani ambazo zote zilisema wakati tofauti. Aliwauliza hali za nyumbani, akawauliza tena. Kobe akatoa kikaratasi.

"Mzee, hili limetushinda. Tusaidie."

Mzee alifurahi mno, na furaha hiyo ilimchoma Kobe kuliko alivyotarajia. Alivaa miwani, akafanya haraka na kwa mpangilio mzuri kuliko wa binti, akamfukuza mdandiaji mapema, akafika kwenye mbili. Akaitoa. Penseli ikachora sifuri, ikaikata.

Wino Mwekundu alikunjakunja leso yake. Alipozungumza sauti ilitoka ndogo. "Samahani, mzee. Kipeuo cha sifuri ni ngapi?"

"Sifuri," alijibu mara moja, kama mtu anayejibu jina lake.

Saa ziligonga zilivyotaka. Mzee aliirudia karatasi, akaweka mbili mahali pa m na hasi mbili mahali pa x, midomo ikicheza. Sifuri kushoto. Sifuri kulia. Akavua miwani.

"Pale mwanzo," alisema polepole, "nilikuwa nafundisha hesabu zile ambazo kipeuo kiko chini ya mstari wa kugawanya. Pale sifuri haina mlango kweli, kwa maana huwezi kugawa kwa sifuri. Wanafunzi wakawa wanasahau. Nikawatungia msemo. Watu wanapenda misemo." Akafuta macho kwa kiganja. "Msemo ukatoka pale, ukaanza kutembea peke yake, na mimi nikaufuata. Mbona hamkuniambia?"

"Nani angekuambia, mzee?" alisema Wino Mwekundu, na hakukuwa na ubaya katika sauti yake.

Kobe akamweleza habari ya binti, tangu mwanzo hadi barua iliyoandaliwa. Hakupunguza wala kuongeza.

"Nikiandika kwamba kosa ni langu, na kwamba lilipita chuoni?" mzee aliuliza.

"Binti si mwizi. Barua inachanwa. Ila mwongozo unarekebishwa, na jibu lake linakuwa na kosa. Anapoteza alama na kushuka hadi wa nne. Wafadhiliwa ni watatu."

"Na nisipoandika?"

"Anafungiwa."

"Kwa hiyo vyovyote vile nimemuumiza."

Kobe akaitikia kwa kichwa. Mzee alisema mkubwa ni jalala, akavuta karatasi, akaandika ukurasa mzima bila kufuta. Alipomaliza alimsogezea Wino Mwekundu.

"Kagua," alisema.

Mama yule alikagua mstari kwa mstari, machozi yakimdondoka juu ya kidole chake chekundu. Aliongeza nukta moja iliyosahaulika, akairudisha ikapigwa sahihi.

*

Kesho yake Mkurugenzi alisoma maelezo, akasoma tena, akauliza kama Kobe alikuwa na haja ya kufika mbali hivyo. Kisha akaichana barua.

Kobe alirudi kwenye chumba cha fundi mchana. Alisema la kwanza akiwa bado mlangoni, kwa sababu aliwahi kuona watu wakizimia wakisubiri mpelelezi apate kiti.

"Binti si mwizi. Imethibitika, imeandikwa, na anafanya mtihani wake wa kumaliza kama wenzake."

Mama aliacha mkasi ukaanguka. Alimkumbatia mwanawe, akamwacha, akamkumbatia tena, akamshukuru Mungu, akamshukuru Kobe, akaishukuru hata cherehani. Binti alisimama katikati ya mikono hiyo, macho makavu, akimtazama Kobe.

"Ilikuwaje?" aliuliza.

Akamwambia. Alimweleza kuhusu Mkufunzi na chuo na msemo uliotembea. Halafu akalazimika kusema na la pili: kwamba moja inaingia, kwamba yeye sasa ni wa nne.

Binti alijitoa mikononi mwa mama yake. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika juu ya meza. Hasi moja jumlisha moja. Kipeuo chake. Hasi moja jumlisha moja, upande wa pili. Alitazama sifuri mbili zilizokaa pande mbili za alama ya sawasawa, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, uso juu ya meza, chaki ikimpaka shavuni.

"Unalia nini sasa, mwanangu?" mama aliduwaa. "Si umeachiwa?"

"Mama, niliifikia. Nilikuwa nayo. Nimeitoa nje kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama hakuelewa, lakini sasa alijua pa kumshika, akamshika. Kobe aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata huruma ilimuuma magotini. Kesi ilikuwa imeisha, na bado alikuwa na kituo kimoja: shuleni, kwa yule mrefu mwenye chaki kwenye viwiko, kumwambia amekuwa akiwafundisha nini watoto wa watu miaka yote hiyo.

Binti aliinua kichwa, akajifuta kwa mkono. "Mwalimu ameshajua?"

"Bado. Natoka hapa naelekea kwake."

"Usiende, afande."

"Lazima aambiwe, mwanangu."

"Ataambiwa. Nitamwambia mimi kesho asubuhi, kabla darasa halijaingia, tukiwa wawili tu." Alivuta kamasi. "Akikuona wewe atadhani amefanya uhalifu."

Kobe alifikiria utaratibu, ambao ulisema vingine. Kisha akaifunga kalamu yake, akamwambia sawa.